Mwalimu Hajafundisha Mpaka Mtoto Aseme

Miezi michache iliyopita tulipata nafasi ya kuketi kwenye dawati la nyuma kabisa, katika darasa la Kidato cha Pili, kwenye shule moja ya sekondari ya kata ambayo jina lake hatutalitaja, kwa kuwa haikutenda kosa ambalo shule nyingine hazilitendi. Mbele ya darasa alisimama binti wa miaka 23 hivi, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa nadhifu wa mavazi. Andalio lake la somo lilikuwa mezani, limepigwa mistari kwa rula. Na ukutani alikuwa ametundika mchoro mkubwa wa jani, alioutengeneza kwa mikono yake usiku uliotangulia. Somo lilikuwa Biolojia, na habari yenyewe ilikuwa namna mimea inavyojitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, jambo ambalo wataalamu wetu wa lugha wameliita usanisinuru.

Binti yule alifundisha kwa Kiingereza dakika arobaini bila ya kupumzika. Sauti yake ilifika nyuma tulikoketi, na mwandiko wake ubaoni ulisomeka bila ya shida. Mara saba, kwa hesabu yetu, alisimama akauliza kama wanafunzi wameelewa, na mara zote saba darasa zima liliitikia kwa sauti moja kwamba limeelewa. Mkufunzi aliyekuja kumtazama alijaza fomu yake, akampa alama nzuri za sauti, za zana na za mpangilio wa ubao, akaenda zake. Kengele ikalia.

Nje, karibu na shamba la mahindi la shule, tulimshika mkono kijana mmoja aliyekuwa amejibu kwa sauti kubwa kupita wenzake. Tukamwomba atuambie alichojifunza. Alitusomea kwa moyo maana yote ya usanisinuru kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyoandikwa ubaoni, bila ya kukosa hata herufi moja. Tukafurahi. Kisha tukamwuliza kwa Kiswahili, "Haya, mwanetu, mahindi haya yanapata wapi chakula chake?" Akatutazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilohitaji kuulizwa, akasema, "Kwenye udongo, mzee. Na mbolea." Tukamwuliza tena, "Na jua je, lina kazi gani?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Jua linayakausha."

Kijana yule si mjinga, na mwalimu wake si mvivu. Mmoja alisema kwa bidii na mwingine alisikiliza kwa adabu. Walakini baina yao kulikuwa na mto, na katika dakika arobaini hakuna kitu kilichovuka. Jambo hili ndilo tutakalo kulisema leo, kwa kuwa katika vyuo vyetu vya ualimu vijana wetu hufundishwa stadi za mawasiliano, hutahiniwa na kupewa vyeti, na bado mto ule haujajengewa daraja.

Wengi hudhani kwamba mawasiliano ni kusema vizuri. Mwanachuo huambiwa apaze sauti, asimame wima, asitazame chini, asiuelekeze mgongo kwa darasa, apangilie ubao, atamke maneno sawasawa. Yote hayo ni mema na hatuyadharau. Mwalimu anayenong'ona hafundishi, na mwalimu anayechanganya herufi ubaoni hueneza kosa lake kwa watoto mia kwa siku moja. Lakini hayo yote ni nusu ya kazi, tena ni nusu iliyo nyepesi. Mtu akitia barua posta hawezi kudai kwamba amekwisha kumwarifu ndugu yake. Amemwarifu siku barua ilipofika, ikafunguliwa, ikasomwa na kueleweka. Mwalimu anayemaliza kipindi pasipo kujua kilichofika katika kichwa cha mtoto ametia barua posta, basi. Na yule mkufunzi aliyejaza fomu yake akaondoka pasipo kumwuliza mwanafunzi hata mmoja, ameipima barua kwa uzuri wa bahasha.

Tulitazame neno lile "Mmeelewa?" ambalo husemwa katika madarasa yetu pengine kuliko neno lolote jingine. Kwa sura ni swali. Kwa kweli halina jibu ila moja. Mtoto aliyekulia katika nyumba zetu amefundishwa kwamba kumkatalia mkubwa ni utovu wa adabu. Akisema hakuelewa, yaonekana kana kwamba amemlaumu mwalimu. Tena huogopa kicheko cha wenzake, na katika shule nyingine huogopa ukali wa mwalimu mwenyewe, atakayemwambia kwamba alikuwa hasikilizi. Na zaidi ya hayo yote, mara nyingi mtoto hana maneno ya kusemea asichokielewa. Maana ili useme "sikuelewa sababu ya jani kuhitaji jua," yakupasa uwe umekwisha kuelewa nusu ya jambo. Basi huitikia ndiyo pamoja na wenzake. Mwalimu hupumua, mtoto naye hupumua, na wote wawili huagana wakiwa wameambiana jambo lisilo kweli, wala hakuna mmoja wao aliyekusudia uwongo.

Tulimwuliza binti yule, tulipokuwa tukinywa chai naye katika chumba cha walimu, "Mwanangu, na wewe chuoni ukiulizwa kama umeelewa, hujibu nini?" Akacheka kwa haya, akasema, "Najibu ndiyo, mzee. Tusipojibu ndiyo kipindi hakiishi." Jibu hilo lina elimu kubwa kuliko taarifa nyingi. Binti huyu ameketi darasani miaka saba ya shule ya msingi, miaka minne ya sekondari, na miaka yake ya chuo. Na katika muda wote huo ameitikia ndiyo maelfu ya mara. Chuoni alipewa yale ambayo wanachuo wenyewe huyaita madesa, ayanakili, ayakariri, ayarudishe siku ya mtihani. Hata sura ya kitabu isemayo kwamba mwalimu awashirikishe wanafunzi, nayo aliandikishwa kwa imla! Sasa twamtaka atoke hapo akaongoze darasa la watoto wanaouliza na kujibu. Ataiga nini, hali hajapata kuliona? Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Na sisi twamkunja mwalimu kijana kwa namna ile ile tunayodai kwamba hatuitaki, kisha twashangaa akikauka hivyo.

Twaweza kuambiwa kwamba hayo ni maoni ya mtu wa gazeti asiyejua kazi ya chaki. Basi na tuwasikilize waliolichunguza jambo lenyewe. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi zilizorekodiwa madarasani, akapima muda ambao mwalimu humngoja mtoto baada ya kumwuliza swali. Aliona kwamba kwa kawaida mwalimu hungoja kama sekunde moja tu; jibu lisipokuja hulitoa mwenyewe, au humrukia mtoto mwingine. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu zaidi, wasiojibu kabisa wakapungua, na watoto walioonekana wazito wakaanza nao kusema. Sekunde tatu! Hazihitaji fedha za bajeti wala msaada wa kutoka ng'ambo. Lakini zahitaji moyo, maana kunyamaza mbele ya watoto themanini wanaokutazama ni jambo zito kwa kijana ambaye hofu yake kubwa ni kuonekana kwamba hajui. Kwa sababu hiyo yatupasa kumzoeza kunyamaza akiwa chuoni, kama tunavyomzoeza kusema.

Kadhalika katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Stanford, huko huko Marekani, kilianzisha zoezi la kumpa mwanachuo dakika chache afundishe jambo moja dogo kwa kundi dogo la wanafunzi, atazamwe, aelezwe kasoro zake, kisha arudie. Zoezi hilo limeenea duniani, na vyuo vyetu nao hulitumia. Lakini lina tundu moja. Mara nyingi wanaofanywa kuwa wanafunzi ni wanachuo wenzake, ambao habari yenyewe wanaijua, na ambao kesho itakuwa zamu yao ya kusimama pale. Huitikia ndiyo kwa ukarimu kuliko watoto. Mwalimu mwanafunzi akimaliza hupigiwa makofi, na hakuna ajuaye kama mtu asiyejua angeelewa.

Hapa twafika mahali penye mwiba, nasi hatutapapita pembeni. Kijana yule wa shamba la mahindi alijua maneno ya Kiingereza na hakujua jambo. Tangu mwaka 1967 watoto wa shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Wafikapo Kidato cha Kwanza lugha hubadilika, na masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 2002 ukaanza utafiti wa pamoja wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Afrika Kusini na Norway, ambao walilinganisha vipindi vilivyofundishwa kwa Kiingereza na vile vilivyofundishwa kwa Kiswahili. Palipotumika Kiswahili watoto waliuliza, walibishana na kutoa mifano ya kwao. Palipotumika Kiingereza wengi walinyamaza, au walirudia maneno ya mwalimu. Sera ya Elimu na Mafunzo iliyozinduliwa Februari 2015 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, na bado vipindi na mitihani ya sekondari imebaki kwa Kiingereza.

Hatuandiki leo kuumaliza mjadala huo mkubwa. Wazazi wengi wanataka watoto wao wajue Kiingereza, na haki wanayo. Ni lugha ya vitabu vingi na ya biashara ya dunia. Lakini kukijua Kiingereza ni jambo moja, na kukosa kuijua Biolojia kwa sababu ya Kiingereza ni jambo jingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi yetu ni kwamba twamtuma mwalimu kijana, ambaye mwenyewe hajakimudu Kiingereza, akawaeleze kwa Kiingereza watoto ambao wamekimudu kidogo kuliko yeye; kisha tukiona kimya darasani, twasema kwamba hana stadi za mawasiliano. Kijana huyo hufanya nini? Hukimbilia ubaoni. Ubao haumwulizi swali. Hunakili maelezo, nao watoto hunakili, na kipindi huisha salama kwa kila mtu.

Tena kuna jambo ambalo kila mwalimu alijua ingawa halisemwi vikaoni. Walimu wengi, waonapo macho ya watoto yamepotea, hugeukia Kiswahili na kulieleza jambo upya. Macho hurudi, mikono huinuliwa. Kisha akitokea mkufunzi, au mdhibiti ubora wa shule, mlangoni, mwalimu hukatiza sentensi katikati na kurudi katika Kiingereza, na darasa hulala tena. Tumewazoeza walimu wetu vijana kufanya lililo jema kwa siri na lililo bovu hadharani. Hatudhani kwamba hiyo ndiyo njia ya kujenga heshima ya kazi yoyote. Na penye shule ambazo mtoto huadhibiwa au kufedheheshwa kwa kosa la kusema Kiswahili katika uwanja wa shule, twasema wazi kwamba hapo hafundishwi Kiingereza, hufundishwa kunyamaza.

Lisidhaniwe kwamba jambo hili ni la sekondari peke yake, wala kwamba Kiswahili ni dawa ya kila mahali. Mwalimu kijana aliyekulia Dar es Salaam au Tanga hupangiwa Darasa la Kwanza katika kijiji cha Usukumani, au katika mbuga za Wamaasai, au kwa Wairaqw wa Mbulu. Mbele yake huketi watoto wa miaka sita ambao Kiswahili wamekisikia redioni na kwa wapita njia tu. Yeye huwasemesha kwa Kiswahili chepesi cha mjini, nao humtazama. Akiwa hakufundishwa chuoni kwamba ukimya wa mtoto waweza kuwa na sababu kumi, atahukumu upesi kwamba watoto hawa ni wazito, na hukumu hiyo itawafuata mpaka wamalize shule. Lakini akiwa amefundishwa kusikiliza, atajifunza maamkizi ya pale, atajua majina ya mimea na ya mifugo, atamwomba mtoto mkubwa au mama mmoja wa kijiji amsaidie majuma ya kwanza, na kufika muhula wa pili atakuwa na darasa linalosema. Kusoma, kuandika na kuhesabu huanza na kusema. Mtoto hawezi kuandika sentensi ambayo hajapata kuitamka.

Hali ni hiyo hiyo kwa wazazi. Mwalimu kijana huitwa kusimama katika mkutano wa wazazi awaeleze habari ya chakula cha shule, au utoro, au matokeo ya mtihani. Huko nako hujitokeza na maneno ya kitabu: malengo mahsusi, umahiri, tathmini endelevu. Wazee huitikia kwa vichwa, hupiga makofi, hurudi nyumbani, na hakuna kinachobadilika. Si kwamba wazazi hawajali. Hawakuambiwa jambo kwa lugha ya watu wanaojadiliana, walisomewa taarifa. Na mzazi aliyetaka kusimama aseme kwamba binti yake hatoroki kwa ukaidi, bali kwa sababu mto hufurika na kivuko hakuna, hakupewa nafasi, kwa kuwa ajenda ilikuwa imekwisha.

Taifa hili lilipata kuongozwa na mtu ambaye jina lake la heshima, mpaka leo, ni jina la kazi yake. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na baadaye Pugu, mpaka alipoiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Waliomsikia mikutanoni na redioni watakumbuka namna yake: aliuliza swali la kawaida, akanyamaza, akaliacha liwaingie watu, kisha akaleta mfano wa jembe, au wa ng'ombe, au wa nyumba, na neno gumu la uchumi likawa jambo ambalo mkulima angeweza kwenda kulijadili na mkewe jioni. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alitaka shule zimpe kijana akili ya kuuliza na kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akitwaa lifaalo na kuacha lisilofaa. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Kijana hawezi kupewa akili ya kuuliza na mwalimu ambaye mwenyewe aliogopa kuuliza mpaka siku ya kupokea cheti.

Twajua yatakayosemwa. Ya kwanza, kwamba madarasa ni makubwa mno, na mwalimu wa watoto mia hawezi kumsikiliza kila mmoja. Ni kweli, na wingi huo ni aibu ambayo lazima iondolewe kwa madarasa mapya na ajira mpya, wala si kwa maneno. Lakini watoto mia ni jozi hamsini. Mwalimu akisema, "Geuka umweleze jirani yako kwa dakika mbili jambo tulilolisoma," watoto hamsini watasema kwa wakati mmoja, kisha hamsini wengine. Naye akizunguka akisikiliza jozi tano tu, atajua barua imefika au imepotea njiani. Ya pili, kwamba muhtasari wa somo lazima uishe kabla ya mtihani. Twauliza: umeisha wapi? Ukiisha katika shajara ya mwalimu na haukuanza katika kichwa cha mtoto, umemfaa nani? Ya tatu, kwamba mtoto akizoea kuuliza atakosa adabu. La hasha. Adabu ni namna ya kuuliza, haikuwa kamwe kukosa kuuliza. Wazee wetu waliosema kwamba kuuliza si ujinga hawakuwa watu wasio na adabu.

Basi tufanye nini? Sisi twapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja fedha nyingi.

Kwanza, mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha apewe alama si kwa alivyosema peke yake, bali kwa walivyosema watoto. Mkufunzi akimaliza kutazama kipindi, awaite wanafunzi watatu, mmoja wa mbele, mmoja wa katikati na mmoja wa nyuma, wamweleze kwa maneno yao wenyewe, na kwa lugha waipendayo, walichojifunza. Maelezo yao yaandikwe katika fomu, na mwanachuo ayasome. Hakuna lawama ya mkufunzi itakayomfundisha kama neno la mtoto aliyesema kwamba jua linayakausha.

Pili, katika zoezi la kufundishana chuoni, wanaofundishwa wasiwe wenzake wanaoijua habari. Vyuo vyetu vingi vina shule za jirani au za mazoezi. Waitwe watoto kumi wa kweli. Au mwanachuo afundishe jambo ambalo wenzake wa mkondo mwingine hawalijui, kisha mmoja wao alieleze mbele ya wote. Na apimwe pia katika kungoja: ameuliza swali la namna gani, amenyamaza kwa muda gani, amelipokeaje jibu lililokosewa. Mtoto aliyekosea akichekwa na mwalimu akanyamaza, mwanachuo huyo hajafuzu.

Tatu, wakufunzi wenyewe waanze. Somo la mawasiliano lisifundishwe kwa imla. Mwanachuo aandike barua kwa mzazi, aendeshe kikao, asimulie hadithi kwa watoto wa Darasa la Kwanza, abishane na mwenzake kwa adabu, asahihishwe Kiswahili chake na Kiingereza chake pasipo kudhihakiwa. Vijana wa leo huandika sana kwenye simu zao, kwa vifupisho vyao. Hatuwakatazi, lakini wajue kwamba mwandiko wa simu na mwandiko wa ubao ni nguo mbili, na kila moja ina siku yake.

Nne, lile linalofanywa kwa siri na lifanywe hadharani. Mpaka taifa litakapoamua kwa vitendo juu ya lugha ya kufundishia, mwalimu kijana afundishwe kwa utaratibu namna ya kutumia lugha mbili: alieleze jambo kwa Kiswahili mpaka lieleweke, atoe maneno yake ya Kiingereza moja moja, awaache watoto waliseme jambo kwa Kiswahili, kisha awasaidie kuijenga sentensi ya Kiingereza watakayoihitaji katika mtihani. Wala mkaguzi yeyote asimkate alama kwa kumfanya mtoto aelewe. Na Kiingereza chenyewe kifundishwe katika kipindi chake, kwa vitabu na kwa walimu waliokisomea, kama lugha inavyostahili kufundishwa.

Tumalizie kwa kumkumbuka mwalimu wetu mmoja wa shule ya misheni, mtu mfupi, mwenye kofia ya ukindu, ambaye hakuwa na zana ila ubao uliopasuka. Yeye hakuuliza kamwe kama tumeelewa. Palikuwa na kijana miongoni mwetu aliyetoka kijiji cha mbali ng'ambo ya mto, na karibu kila siku alichelewa. Mwalimu hakumpiga. Alimwacha asimame nje ya mlango, na somo lilipokwisha alimteua mmoja wetu, hatukujua ni nani, akasema, "Nenda ukamweleze mwenzako tuliyosoma." Kisha yeye mwenyewe husimama dirishani, mikono nyuma, akisikiliza. Aliyechelewa akielewa, somo huendelea. Asipoelewa, mwalimu hurudi ubaoni, afute, aanze tena, na hutuambia, "Leo sikufundisha vizuri." Hatukupata kumsikia akisema kwamba sisi hatukusikiliza vizuri.

Tulidhani wakati ule kwamba alikuwa akimsaidia yule aliyechelewa. Sasa, tukiwa watu wazima wenye watoto wa kusomesha, twaelewa kwamba alikuwa akijipima yeye mwenyewe. Binti yule wa mchoro wa jani ana bidii ya kutosha, na ana sauti ya kutosha. Siku hizi atakuwa amerudi chuoni kumalizia masomo yake, naye amebeba fomu yenye alama nzuri. Kijana wa Kidato cha Pili yuko bado shuleni, na kila asubuhi hupita kando ya mahindi yaliyolikunjulia jua majani yao, akijua maana ya neno na asijue maana ya jambo. Vyuo vyetu havina budi kumfundisha mwalimu huyo kusimama dirishani na kusikiliza, kabla hajapewa darasa lake mwenyewe.